Nepi Hutaka Maji Kuliko Sabuni

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji na daktari akamkataza kunyanyua ndoo. Beseni la nepi likawa langu. Tunaishi Kigamboni, maji ya kisima chetu yana chumvi, pampasi za kila siku hatuziwezi, na majirani hawakosi la kusema wakimwona mwanamume kambani anaanika vitambaa vya mtoto. Waliyosema niyaache, niliyojifunza ni haya.

1. Nepi mpya hainywi maji

Pamba isiyofuliwa bado ina nta yake ya asili, na vitambaa vingi hutiwa wanga kiwandani. Mwagia nepi mpya maji uone: matone yanateleza kama juu ya jani la magimbi. Basi ifuliwe na kukaushwa mara tatu nne kabla mtoto hajazaliwa. Bibi zetu waliokuwa wakichana kanga kuukuu hawakufanya hivyo kwa umaskini tu. Kanga iliyofuliwa miaka hunywa vizuri na haichubui. Nepi za taulo ni nzito, zinafaa usiku, ila masika hazikauki. Za flana hukauka upesi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hata 12 kwa siku, hivyo dazeni mbili zinatosha ukifua kila siku. Masika ongeza dazeni moja.

2. Kinachonukia sandukuni si usafi

Shangazi alituletea nepi za wanawe, nyeupe pe, zikinukia naftalini, vile vidonge vya kuzuia nondo. Muuguzi wa kliniki alipozinusa tu alizikataa. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni hali ya kurithi, hasa kwa wavulana, na imeenea sana katika nchi za malaria kama yetu. Kwa mtoto wa namna hiyo naftalini huvunja chembe nyekundu za damu, akapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo, na ngozi iliyopakwa mafuta huipokea sumu hiyo upesi zaidi. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama mwanao ni mmojawapo. Shangazi akiuliza, tunamwambia nepi zake zinatumika sana. Si uongo: tunadekia.

3. Maji baridi kwanza

Maji ya moto yakitangulia, doa linapikwa ndani ya kitambaa. Kinyesi kimwagwe chooni pamoja na maji ya suuzo la kwanza, maana cha mtoto nacho kina vijidudu. Kisha loweka, fikicha kwa sabuni, na hapo ndipo maji ya moto yapate zamu. Choo cheusi cha siku za mwanzo hunata kama gundi. Mafuta kidogo makalioni husaidia. Choo cha njano cha maziwa ya mama hakina ubishi, na rangi yake ikibaki, jua litaimaliza.

4. Chumvi ya kisima

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Sabuni ya mche katika maji magumu kama haya haitoi povu. Inaungana na madini ya maji na kuwa utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Ukiongeza sabuni, umeongeza utando. Nepi inakakamaa, inaacha kunywa, na ikilowa tu inatoa harufu kali hata kama imetoka kambani asubuhi hiyo. Dawa si kuongeza sabuni. Sasa kisima kinafanya kazi ya kuloweka na kufua, kwa sabuni ya unga ambayo huvumilia maji hayo. Maji ya mvua au ya bomba tunayatunza kwa suuzo la mwisho, na siki kidogo ndani yake. Suuza mpaka maji yatoke bila povu. Dawa ya kulainisha nguo iache dukani, nayo hufunika nyuzi.

5. Jiki na mkojo visikutane

Mkojo uliolala una amonia. Ukiutia jiki unatoka moshi wa sumu unaoingia kifuani mwako. Suuza kwanza, na siki nayo usiichanganye na jiki kamwe.

6. Jua, kisha pasi

Mama mkwe hataki nguo za mtoto zilale nje. Anasema usiku una mambo yake. Mimi namtii kwa sababu ya nzi wa funza, yule anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku chache na funza huingia ngozini, pakavimba mithili ya jipu. Anika kwenye jua kali, anua mapema, piga pasi pande zote mbili, usiruke pindo.

7. Hesabu zilizolowa

Kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayeshiba maziwa ya mama hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Pampasi huficha hesabu hiyo. Kitambaa hakifichi kitu. Zikipungua, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.

8. Pampasi si adui

Tukivuka kwenda mjini tunamvalisha. Kwenye foleni ya kivuko hakuna pa kubadilishia nepi, wala pa kuisuuza.