SOMO: KUMDHARAU MTU KWA KABILA LAKE

Ndugu Muislamu, jua ya kuwa Mwenyezi Mungu ametuumba makabila ili tujuane, wala si ili tudharauliane. Abu Dharr alipomwaibisha mtu kwa asili ya mama yake, Mtume s.a.w. alimkemea, akamwambia kuwa angali na ujahili ndani yake.

Basi wewe mtu wa pwani, ufikapo Bariadi katika mkoa wa Simiyu kwa biashara, usimwite Msukuma "mshenzi", kama baadhi ya wazee wetu walivyowaita watu wa bara. Mkono wake ndio ulimao pamba; nawe wavaa kanzu.

Yakupasa mambo matatu: neno hilo uliache, mwenzio akilitamka umkataze, wala usicheke, na Msukuma Muislamu akija kuposa kwako, uliza dini yake na tabia yake, usiulize kabila. Hilo la tatu ndilo zito, nalo ndilo lidhihirishalo ukweli wa mawili ya kwanza.