Kutoka Lodwar hadi Wasini: Lipia Safari Yako kwa Simu Bila Kulia

Sisi tuliokulia Turkana tunajua maji ya ziwa. Ukiwa Eliye Springs au Kalokol, unaangalia mamba kwanza ndipo unaingia. Kwa hivyo rafiki zangu wa Lodwar na Kakuma waliposikia kwamba kisiwani Wasini, Kaunti ya Kwale, unavaa miwani ya majini, unauma bomba la kupumulia na kuelea ukitazama samaki chini yako, walidhani nawachezea.

Tulikuwa sita. Tukachanga kila wiki kwa miezi kadhaa, mimi nikiwa mweka hazina. Mmoja wetu anauza nyanya Kakuma, na mchango wake ulitoka kwenye nyanya hizo. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoniuma baadaye.

Nilipata mashua kwenye mtandao. Picha safi, bei ya kundi 15,000, nusu ilipwe mapema. Nilipoingiza namba, jina lililotokea halikuwa la yule niliyeongea naye. Nikajiambia, "Labda ni la mkewe." Nikaweka PIN. 7,500 zikaenda, na namba ikazimwa jioni hiyo hiyo.

Hebu tujifunze pamoja ili yasikukute.

1. Jina ni la kusomwa. Kabla ya kuthibitisha, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Kama si lile unalotarajia, simama. Mpigie, muulize. Biashara halali haitakasirika ukiuliza.

2. Omba Till au Paybill. Hapo jina la biashara ndilo hutokea. Pia, unaponunua kwa Till ya M-Pesa, mteja hakatwi ada. Anayesisitiza namba yake binafsi, tena "tuma na ya kutolea", anakuongezea gharama, na ushahidi wako ukizuka ubishi unakuwa hafifu.

3. Tiketi za serikali zilipie kwa serikali. Kuogelea huko hufanyika ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na KWS. Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen. Treni ya Nairobi–Mombasa nayo unaikatia tiketi kwa *639# na kulipa kwa simu. Huhitaji mtu wa katikati.

4. Umekosea? Harakisha. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456 mara moja. Pesa ikiwa bado iko kwa mpokeaji, kuna matumaini. Akishaitoa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Mimi nilisubiri mpaka asubuhi kwa aibu ya kuwaambia wenzangu. Usiku mmoja huo ulinigharimu.

5. Simu na maji ya chumvi si marafiki. Lipa kila kitu ukiwa nchi kavu, Shimoni, kabla ya kupanda mashua. Andika salio, funga simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na umwachie asiyeogelea. PIN yako baki nayo kichwani. Usimpe nahodha wala rafiki.

Mwishowe tulifika. Kwenye gati la Shimoni tukalipa mashua nyingine kwa Till, jina la biashara likafanana na lile lililoandikwa ubaoni. Tukavuka hadi Kisite. Muuza nyanya wetu alikuwa wa mwisho kuingia majini, jaketi limefungwa hadi kidevuni, mkono wake umeng'ang'ania ngazi. Akainamisha uso. Kimya. Alipoinua kichwa alisema neno moja tu: "Mamba?" Nahodha akacheka, "Hapa hakuna, dada." Akarudi chini, na tukamwita mara tatu ndipo akatoka.

Zile 7,500 nilizirudisha kwa kikundi kutoka mfukoni mwangu, 2,500 kwa mwezi, miezi mitatu. Hakuna aliyenidai. Lakini pesa ya kuchanga si yako hata ikiwa kwenye laini yako.

Zoezi la leo: tumia rafiki unayemwamini shilingi 10. Jina lake likitokea, lisome kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Fanya hivyo hivyo kila unapotuma, uko Kakuma au katikati ya bahari. Likishakuwa mazoea, tapeli atapata kazi ngumu kwako.

Safari njema!