Ukaguzi wa Vyombo vya Umeme katika Ukumbi wa Kijiji: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Somo la umeme katika shule za msingi aghalabu huishia kwenye betri, balbu na swichi. Mtoto hujua kuchora saketi vizuri, lakini jioni aendapo ukumbini kwenye arusi, akaona waya wa amplifaya umefungwa kwa kipande cha nailoni, hatambui kwamba jambo lile lahusu alilofundishwa asubuhi. Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha wanachuo jinsi ya kulitoa somo hilo darasani na kulipeleka mahali ambapo umeme hutumika na watu wengi.

Tumeuchagua ukumbi kwa sababu vyombo vyake ni vya wote, na cha wote hakina mwangalizi. Amplifaya huazimwa, waya hukanyagwa na miguu ya viti, na birika hutumiwa na kila kamati ijayo. Kila mtumiaji hudhani kwamba aliyemtangulia amekwisha kukagua.

Kabla ya kwenda, mwalimu hana budi kuanza na fikra ambayo wanafunzi wengi wanayo, na watu wazima pia: kwamba chombo kinachofanya kazi ni kizima. Waulizeni, "Birika hili lachemsha maji. Je, ni salama?" Karibu wote watajibu ndiyo. Hapo ndipo penye kiini cha somo.

Plagi yenye meno matatu ina nyaya tatu ndani. Waya wa moto huleta umeme, waya wa nyutro huurudisha, na waya wa ethi umeungwa na mwili wa chuma wa chombo. Katika nyaya za siku hizi rangi zake ni kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. Katika za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Birika likiwa zima, waya wa ethi haupitishi umeme wowote. Basi ukikatika, birika litaendelea kuchemsha maji vilevile, wala hakuna atakayejua. Kazi yake huonekana siku waya wa moto unapochubuka na kugusa chuma: umeme mwingi hukimbilia ardhini kwa njia ya ethi, fyuzi ikayeyuka, na chombo kikazimika. Ethi ikiwa imekatika, fyuzi haiyeyuki. Chuma hubaki na volti 230 kikimngoja mtu wa kwanza kukigusa, pengine mpishi aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji. Lielezeni jambo hili polepole, kwa mchoro ubaoni, hata kama litachukua kipindi kizima.

Ukumbini, mwalimu apate kwanza ruhusa ya uongozi wa kijiji. Plagi zote azichomoe yeye mwenyewe, na kila chombo kikiisha kuchomolewa kiwekwe mezani, mbali na soketi. Mwanafunzi asiguse soketi kabisa.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho, nao hugundua kasoro nyingi kuliko kipimo chochote. Wanafunzi watafute waya uliopasuka, plagi iliyoungua au kubadilika rangi, na waya uliochomoka hata nyuzi za rangi zikaonekana pale unapoingia kwenye plagi. Mwalimu afungue plagi na kuonyesha fyuzi. Birika la wati 2000 huvuta takriban ampea 9, hivyo lahitaji fyuzi ya 13. Amplifaya ya wati 100 haifiki hata nusu ampea, nayo yatosheka na fyuzi ya 3. Mkikuta msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, msishangae, bali waulizeni wanafunzi ni kitu gani kitakachoyeyuka badala yake.

Desturi moja yafaa kukemewa waziwazi: kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili plagi ya meno mawili iingie. Tundu lile ni la ethi, na jino lake refu ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mengine. Mtoto aonaye mkubwa akichokoa soketi amekwisha kufundishwa, naye hatachagua kijiti wala tundu.

Ukaguzi wa pili ni wa zana nyepesi: betri mbili za tochi, balbu yake, na vipande vya waya. Ungeni balbu na betri, kisha ncha moja ya waya iguse jino la ethi la plagi iliyochomolewa, na nyingine iguse chuma cha chombo mahali pasipo na rangi, kama vile kichwa cha skrubu. Balbu ikiwaka, njia ya ethi ipo, isipowaka, imekatika. Chombo chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakina ethi kwa makusudi, hivyo balbu kutowaka si kasoro.

Mwanafunzi mwerevu atauliza mbona betri haimdhuru, ilhali balbu ile huvuta milliampea mia kadhaa na sehemu ndogo tu ya mkondo huo yatosha kukakamaza misuli ya kifua. Mjibuni kwamba volti 3 hazina nguvu ya kuusukuma mkondo kama huo upenye ngozi. Volti 230 zinayo.

Hata hivyo balbu yaweza kuwaka kwa uzi mmoja wa shaba uliosalia, ambao utakatika mara umeme mkubwa upitapo. Tena haiwezi kuonyesha kama plastiki ya waya imechakaa ndani. Fundi hupima hilo kwa mashine ya volti 500. Kazi hiyo, pamoja na ukaguzi wa soketi na meinswichi, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya mwalimu.

Chombo chenye kasoro kifungwe karatasi yenye maneno USITUMIE na kukabidhiwa kwa uongozi wa kijiji. Wanafunzi waandike katika daftari jina la chombo, kasoro, tarehe, na nani amekabidhiwa. Baada ya mwezi mmoja watumeni wawili wakaulize kama kimetengenezwa.