Linda Kilima, Mifugo Yako Ivuke Kiangazi



Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Wapagazi walipiga kambi palipokuwa na maji na chakula. Leo, unaposwaga ng'ombe mwezi Septemba, unatafuta kitu kilekile. Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi ya kulinda maji na malisho hayo.

Maji huanzia juu

Kilima chenye miti na nyasi hupunguza kasi ya mvua. Maji huzama ardhini, kisha hutoka bondeni kidogo kidogo hata mvua ikikatika. Kilima kilicholishwa hadi kikawa kipara hakishiki maji. Mvua hubeba udongo na kujaza tope kwenye lambo lako. Mabadiliko ya tabianchi huzidisha tatizo: joto hukausha malambo mapema, na mvua kubwa za siku chache hubomoa udongo ulio wazi.

Serikali imefanya nini?

Mwaka 2005 msitu wa Mlima Kilimanjaro uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ili kulinda chanzo cha maji. Tabora haina mlima kama huo, lakini vilima na miinuko yetu hulisha mito ya Igombe na Ugalla, inayoingia Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima.

Jirani zetu wa Shinyanga walishirikiana na Serikali katika mradi wa HASHI, kuanzia 1986 hadi 2004. Walifufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na nyasi.

Fanya hivi

1. Chagua eneo la ngitili, hasa kwenye mteremko. Kubalianeni mipaka na majirani na serikali ya kijiji.
2. Lifunge mvua zinapoanza, Novemba. Lifungue Julai au Agosti, sehemu moja baada ya nyingine.
3. Safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka eneo lote mara nyasi zinapoanza kukauka.
4. Anza na ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia.
5. Usinyweshe ndani ya chanzo. Toa maji hadi kwenye birika lililo nje ya mita 60.
6. Piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Kwa miezi mitatu ni kilo 540. Ng'ombe kumi wanahitaji kilo 5,400.

Kama nyasi hazitoshi

Ngitili haiwezi kulisha kundi lililozidi ardhi. Hesabu ikikataa, uza baadhi mwezi Mei au Juni wakati wana mwili na bei nzuri. Ukingoja Oktoba, utauza mifupa au utabaki na ngozi. Kuuza wachache mapema si kufilisika. Ni kuwaokoa waliobaki.

Kabla ya mvua za kwanza, panda kilimani pamoja na wazee na afisa mifugo wa kata. Wekeni alama za mipaka siku hiyohiyo.