Kuona, Kudhani na Kuhukumu: Mwalimu katika Filamu ya The Innocents

Utangulizi

Katika somo la saikolojia ya elimu tumezoea kumchunguza mtoto. Ni mara chache tunapomchunguza mwalimu anayemchunguza mtoto huyo. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa kutumia filamu ya Uingereza iitwayo The Innocents, iliyoongozwa na Jack Clayton na kutolewa mwaka 1961. Filamu hiyo imetokana na hadithi ya Henry James, The Turn of the Screw, iliyochapishwa mwaka 1898. Ni filamu ya kutisha, lakini kitisho chake hakitokani na damu wala vishindo. Chatokana na swali moja: je, mwalimu huyu ayaona mambo yaliyopo, au akili yake yamdanganya?

Hadithi kwa ufupi

Bi. Giddens, anayeigizwa na Deborah Kerr, ni binti wa mchungaji. Kazi yake ya kwanza ni kuwafundisha na kuwalea mayatima wawili, Miles na Flora, katika jumba la Bly lililoko mashambani. Ami yao, aliyemwajiri, ametoa sharti kwamba asisumbuliwe kwa jambo lolote. Mara inafika barua kwamba Miles amefukuzwa shule kwa kuwa ni madhara kwa wenzake. Baadaye mwalimu anaona mwanamume juu ya mnara, na mwanamke kwenye matete kando ya ziwa. Anapoelezwa habari za mtumishi Quint na mwalimu aliyemtangulia, ambao wote wawili wamekwisha kufa, anaamini kwamba mizimu yao imewatawala watoto, na kwamba wataokoka wakikiri tu. Flora anabanwa penye ziwa, anapiga mayowe, na inabidi aondolewe. Miles anabanwa usiku mpaka analitaja jina la Quint, kisha anakufa.

Tuupime ushahidi

Kwanza, barua. Barua hiyo inatoa hukumu pasipo kueleza kitendo. Bi. Giddens haiandikii shule kuuliza Miles alifanya nini. Hivyo neno la watu asiowajua linakuwa msingi wa yote anayoyafikiri juu ya mtoto.

Pili, picha. Kabla ya kuuona uso wa Quint dirishani, Bi. Giddens amekwisha kuiona picha ya mwanamume huyo katika chumba cha darini. Je, uso ule ulitoka nje ya dirisha, au ulitoka katika kumbukumbu yake?

Tatu, ziwa. Msimamizi wa nyumba, Bi. Grose, yupo pale pale, wala haoni kitu.

Hata hivyo, tusiharakishe kumwita mwenda wazimu. Katika chumba cha kusomea anamwona yule mwanamke akilia, na baadaye anagusa chozi bichi juu ya kibao cha kuandikia. Mhakiki Edmund Wilson alidai mwaka 1934 kwamba mizimu ya hadithi ya James ni njozi za mwalimu tu, na mabishano hayajaisha. Filamu nayo imeacha milango yote miwili wazi.

Kosa la mwalimu

Kwa kazi yetu, si lazima tuamue kama mizimu ilikuwapo. Bi. Giddens hakukosea kushuku. Watoto wale waliishi na watu wazima wenye mwenendo mbaya, na mwalimu asiyeshuku lolote huenda akamwacha mtoto katika hatari. Kosa lake ni kuigeuza shaka kuwa hakika, kisha kumtaka mtoto aithibitishe. Mtoto akikana, kukana kwake kunahesabiwa kuwa hila. Akiwa mpole, upole wake ni unafiki. Mtoto wa namna hiyo hana njia ya kujitetea. Zaidi ya hayo, mwalimu alifanya kazi hiyo peke yake, bila mkuu wa kushauriana naye.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, jambo hili haliko mbali nasi. Katika mazoezi ya kufundisha tumesoma madaftari yenye maneno kama "huyu ni mwizi" au "yule ni mkaidi", na tulipouliza, mwandishi alijibu kwamba aliambiwa na mwalimu wa darasa. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kutuamsha tuchunguze. Haifai kuwa ushahidi.

Zoezi

Mchague mtoto mmoja unayemfundisha. Kwa muda wa wiki moja andika habari zake katika safu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, na ninayodhani. Usihamishe neno lolote kutoka safu ya pili au ya tatu kwenda ya kwanza mpaka uwe umelishuhudia mwenyewe. Mwisho wa wiki mwonyeshe mwalimu mwenzako safu ya kwanza peke yake, umwulize yeye angefikiri nini. Jibu lake likitofautiana na lako, rudi ukaanze kumtazama mtoto upya.

Hitimisho

Bi. Giddens aliwapenda watoto wale kwa dhati, na hilo ndilo linalotisha kuliko mizimu. Upendo haukumzuia kukosea. Ulimpa ujasiri wa kuendelea. Mwalimu anayempenda mtoto hana budi kuzipima dhana zake mwenyewe kabla hajampima mtoto.