Kabla Hujamtumia Fundi Pesa: Somo Fupi la AC na Shawa ya Umeme

Kenya yetu ina misimu miwili inayotoboa mfuko. Pwani, joto la Desemba hadi Machi hufanya AC na feni zisipumzike. Huku bara, baridi ya Juni hadi Agosti hufanya kila mtu apigane na shawa ya moto. Misimu yote miwili huishia palepale: unanunua tokeni kila siku mbili, halafu fundi anakuambia, "Tuma ya gesi kwanza."

Leo tunataka ujue mambo machache kabla hujabonyeza kutuma.

1. Anza na sabuni

AC isiyopoza vizuri mara nyingi ni chafu tu. Zima swichi kuu, fungua kifuniko cha mbele na utoe filta, zile nyavu mbili za plastiki. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, zianike kivulini, kisha uzirudishe zikiwa zimekauka kabisa. Kama AC inatumika kila siku, fanya hivyo kila baada ya wiki 2 hadi 4. Filta ikijaa vumbi, hewa haipiti, mashine inafanya kazi muda mrefu zaidi, na tokeni zinayeyuka.

Kama unaishi karibu na bahari, kwa mfano Nyali au Diani, chumvi ya hewani hula ile sehemu ya AC iliyo nje. Fundi akija kwa service, hakikisha ameiosha hiyo pia, kwa maji yasiyo na chumvi.

2. "Gesi imeisha": uliza swali moja

Gesi ya AC si kama ya mtungi wa jikoni. Haichomwi. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, na AC inaweza kutumia gesi ileile miaka yote ya maisha yake. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kwa hivyo fundi akisema gesi imeisha, muulize: "Inavujia wapi?" Fundi mzuri atatafuta tundu, aliziba, ndipo ajaze. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha. Baada ya miezi michache utatuma pesa zilezile tena.

3. Shawa ya umeme haitaki mzaha

Shawa ya umeme, ile tunayoita instanti, hutumia stima nyingi na iko karibu na maji. Mambo matatu usiyaache: waya wa erthi, ule wa kijani na manjano, lazima uwe umeunganishwa, shawa iwe na swichi na breka yake, na fundi wa stima awe na leseni ya EPRA. Ukihisi hata mtetemo mdogo wa shoti unaposhika bomba, acha kuoga, zima swichi kuu na uite fundi.

Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, usinunue shawa yoyote tu. Madukani kuna za maji ya chumvi, ambazo elementi yake imefunikwa isiguse maji. Iambie duka mapema.

Na kwa wenzetu wa Limuru na Nyahururu: jiko la makaa si hita ya chumbani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Usilale nalo ndani hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

4. Hesabu kwa uniti

Kanuni ni rahisi: wati mara saa, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti.

- Feni ya wati 60 kwa saa 8: karibu nusu uniti.
- AC ya wati 1,200 kwa saa 8: hadi uniti 9.6. Itapungua ikiwa kompresa inapumzika, ndiyo maana tunashauri uiweke nyuzi 24 hadi 26, si 16.
- Shawa ya wati 5,000 kwa dakika 10: karibu uniti 0.83. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, ni karibu uniti 100 kwa mwezi!

Sasa fungua SMS ya tokeni yako ya mwisho. Gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, ujue uniti moja inakugharimu ngapi. Ukizidisha hapo, utaona kama familia yenu imefikia pale ambapo hita ya sola juu ya paa inafaa kuliko shawa.

5. Ukiamua kununua mpya

Angalia lebo ya nyota ya EPRA: nyota nyingi, stima kidogo. AC ya inverta hupunguza kasi chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, kwa hivyo inafaa sana nyumba inayoiwasha usiku kucha. Jihadhari na AC ya mtumba yenye gesi ya R22. Gesi hiyo inaondolewa sokoni duniani kote chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na kuipata kutazidi kuwa shida. Pia usinunue kubwa kupita chumba: itapoza haraka na kuzima kabla haijaondoa unyevu.

Usikope kwa haraka ya joto. Tuseme unalenga kitu cha shilingi 45,000: ukiweka 3,750 kila mwezi kwenye akiba ya simu, miezi 12 inatosha. Anza msimu ukiwa mbali.

6. Lipa kwa mpangilio

Spea lipa moja kwa moja kwa till ya duka, si kupitia kwa fundi. Ufundi lipa baada ya kujaribu: washa AC dakika 20, sikia hewa, na kama uko Pwani, angalia kama maji yanadondoka kwenye paipu ya nje. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama silo, simamisha. SMS ya malipo usiifute, ndiyo risiti yako fundi akirudi kusema hajalipwa. Na PIN yako hata fundi wa miaka kumi haihitaji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wikendi hii, toa filta uoshe. Haigharimu hata shilingi.