SOMO LA USALAMA: MFUKO WA HEWA KATIKA GARI LILILOKWISHA TUMIKA, KASORO YAKE NA KUCHELEWA KWA MAREKEBISHO

Watumishi wa umma na wananchi wa Bukoba na Muleba, pamoja na wakazi wa visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba ambao magari yao au ya jamaa zao hulala bara, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini na kulihifadhi. Linamhusu kila mwenye gari la familia lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika ng'ambo, na kila anayekusudia kununua.

Mkoa wa Kagera haujasahau tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza baada ya kupitia Kemondo, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Msiba ule ulifundisha kwamba abiria huweka roho yake dhamana katika chombo ambacho sehemu zake nyingi hazioni wala hazijui. Gari nalo ni chombo. Miongoni mwa sehemu zake zisizoonekana ni mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, na ambao mahali pake hutambulishwa kwa herufi SRS juu ya usukani na juu ya dashibodi mbele ya abiria.

Mfuko wa hewa hufanyaje kazi

Ndani ya usukani umekunjwa mfuko wa kitambaa, na nyuma yake kuna kopo dogo la chuma lililojazwa vidonge vya baruti maalumu. Gari linapogonga kwa kishindo kikubwa, kipimo cha mgongano hupeleka umeme kwenye kopo hilo, vidonge vikawaka, na gesi yake ikaujaza mfuko kwa muda wa takriban sehemu tatu za mia za sekunde. Mfuko huo hupokea kichwa na kifua cha mtu aliyefunga mkanda, kisha hunywea. Chombo hiki kimeokoa maisha ya watu wengi sana duniani, na somo hili halikusudii kukipinga.

Kasoro iliyozuka

Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia watengenezaji wengi wa magari makopo yaliyotumia amonia naitreti kama baruti. Mkulima wa Kagera anaifahamu jamii ya kitu hicho, kwani kimo ndani ya mbolea ya chumvichumvi aina ya CAN. Anajua pia kwamba mfuko wa mbolea hiyo ukiachwa wazi ghalani hunyonya unyevu na kugandamana. Ndani ya kopo la Takata, unyevu ukishirikiana na joto linalopanda mchana na kushuka usiku, mwaka baada ya mwaka, huviharibu vidonge. Vidonge vilivyoharibika huwaka kwa kasi kupita kiasi, shinikizo hulipasua kopo, na vipande vya chuma hurushwa usoni na shingoni mwa yule aliyepaswa kuokolewa. Jambo hili laweza kutokea hata katika mgongano mdogo ambao mtu angetoka mzima.

Honda iliyaita magari ya kwanza, yapatayo 4,000, mwezi Novemba 2008. Kutoka hapo idadi iliongezeka hata ikafikia mifuko ipatayo milioni 67 nchini Marekani peke yake, na takriban milioni 100 duniani kote. Marekani imethibitisha vifo visivyopungua 28 na majeruhi wasiopungua 400. Malaysia nayo ilipoteza watu. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na mwezi Juni mwaka huo huo ikatangaza kufilisika.

Kufilisika kwa kampuni hakukuyaondoa makopo yaliyomo magarini. Mwezi Juni 2025 mwanamke mmoja alifariki mjini Reims, Ufaransa, na Serikali ya nchi hiyo ikaamuru magari yote ya Citroën C3 na DS3 ya kizazi kilichohusika yasiendeshwe kabla ya kurekebishwa. Vifo vingi vya Ufaransa vilikuwa vimetokea katika visiwa vyake vya nchi za joto, vikiwemo Guadeloupe na Réunion.

Kwa nini jambo hili linaihusu Kagera

Magari ya familia yanayoonekana kwa wingi katika barabara ya Mutukula, Bukoba, Muleba hadi Biharamulo ni yale yaliyotumika Japani. Miongoni mwa aina zilizotajwa katika miito ya marekebisho ya Takata ni baadhi ya Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Honda CR-V na Subaru Forester za miaka fulani. Ni baadhi tu, na mawili yanayofanana kwa umbo na rangi yaweza kuwa tofauti, moja likiwa salama na jingine likiwa na kasoro. Mwezi Juni 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitahadharisha kwamba baadhi ya magari ya Honda ya miaka 2001 hadi 2003 yaliyouzwa nchini humo, ikiwemo CR-V ya 2002, yalikuwa na uwezekano wa kufikia asilimia 50 wa kopo kupasuka endapo mfuko utafyatuka.

Joto la Bukoba halifikii lile la Dar es Salaam au Unguja. Hata hivyo mji huu wa kando ya Ziwa Viktoria hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na gari lililofungwa vioo likasimama juani huwa na joto kubwa ndani hata kama upepo wa ziwa ni baridi. Tena gari hilo lilikwisha pitia miaka mingi ya majira ya joto na unyevu ya Japani kabla ya kupakiwa melini. Umri wa kopo huhesabiwa tangu lilipotoka kiwandani.

Sababu za marekebisho kuchelewa

Kasoro inapogundulika, mtengenezaji hutoa wito wa kulirejesha gari ili libadilishiwe kopo bila malipo. Wito huo huchelewa au hupotea kwa sababu zifuatazo:

1. Barua ya wito hupelekwa kwa mmiliki aliyeandikishwa katika nchi lilikouzwa gari. Gari likifutwa katika daftari la Japani na kusafirishwa, barua haimfuati mnunuzi wa Muleba.

2. Vipuri vilikuwa haba. Mwezi Novemba 2015 Marekani ililazimika kupanga foleni, magari ya kale na ya majimbo yenye joto na unyevu yakitangulia. Baadhi ya magari yaliwekewa kwanza makopo mapya ya aina ile ile, yakaitwa tena baadaye. Kwa hiyo gari lililorekebishwa mara moja zamani laweza kuwa bado lina deni la marekebisho.

3. Toka Bukoba hadi Dar es Salaam, waliko mawakala wengi wa watengenezaji, ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara.

4. Wamiliki wengi huridhika kwa kuwa gari linakwenda vizuri na taa ya SRS haiwaki.

Sababu hii ya nne ndiyo yenye hatari kuliko zote. Taa ya SRS huonyesha hitilafu ya umeme katika mfumo. Haiwezi kuonja baruti iliyoharibika ndani ya kopo lililofungwa. Vivyo hivyo, ukaguzi wa breki, taa, matairi na usukani ni wa lazima na una faida kubwa, lakini hakuna jicho la mkaguzi linalopenya chuma. Tangu Mei 2018 Japani yenyewe imezuia magari yenye mifuko ya hatari isiyorekebishwa yasipite ukaguzi wake wa lazima. Kanuni hiyo ni ya magari yanayotembea katika barabara zake, hivyo mnunuzi wa huku asiichukue kuwa ushahidi kwamba gari lake lilirekebishwa.

Namna ya kulitambua gari

Ushahidi wa kutegemewa hupatikana kwa namba ya chesisi. Namba hiyo imeandikwa katika kadi ya gari na kugongwa katika bodi. Mwenye gari azilinganishe zote mbili. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani aghalabu huwa na namba fupi yenye kistari, ikianza kwa herufi na tarakimu za aina yake, mathalani NT30 kwa X-Trail au ACA21 kwa RAV4. Gari la soko la Marekani au Ulaya huwa na namba ya herufi na tarakimu 17.

Tofauti hii ina maana kubwa. Watu wengi huingiza namba fupi ya Kijapani katika ukurasa wa Marekani wa intaneti, na namba isipotambuliwa hufurahi wakidhani gari ni salama. Kutotambuliwa si sawa na kusalimika. Namba ya Kijapani hutafutwa katika ukurasa wa mtengenezaji huyo wa Japani, au huulizwa kwa wakala wake. Anayenunua gari na alitake jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa muuzaji kabla ya kulipa, kwa kuwa baada ya kulipa nguvu ya kuuliza hupungua.

Idara na Halmashauri zenye magari nazo zinaweza kuorodhesha namba za chesisi za magari yote kwa siku moja na kuziulizia kwa pamoja. Barua kwa wakala itaje namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka gari, na iulize mambo matatu: je, gari limo katika wito, je, limekwisha rekebishwa, na je, kipuri kitapatikana lini na kwa masharti gani. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Wakati wa kungoja

Mtu aliyeambiwa kwamba gari lake limo katika wito, lakini kipuri hakijafika, azingatie haya:

(a) Mtengenezaji akisema gari lisiendeshwe, lisiendeshwe. Hakuna safari ya harusi wala msiba inayobatilisha agizo hilo.

(b) Ikiwa kasoro ni ya upande wa abiria, kiti hicho kibaki kitupu. Abiria wakae nyuma.

(c) Mikanda ifungwe daima, na watoto wakae nyuma. Dereva akae mbali na usukani, angalau sentimita 25 kutoka kifuani hadi katikati ya usukani.

(d) Gari liegeshwe kivulini kila inapowezekana. Hili hupunguza joto, ila haliponyi kopo lililokwisha haribika.

(e) Fundi wa gereji asiyefunzwa kazi hiyo asifungue usukani wala kuchokoa nyaya za mfuko. Kopo lina baruti, nalo laweza kufyatuka mikononi mwake.

(f) Usinunuliwe mfuko uliong'olewa katika gari lililokatwa. Huenda ukawa umetoka katika gari lililoitwa kwa kasoro ile ile.

Muhtasari

Mathalani, mtumishi wa Muleba amenunua gari la mwaka 2004 kwa mkopo wa miaka mitatu. Kila asubuhi mwanawe hukaa kiti cha mbele hadi shuleni. Rangi inang'aa, injini haina kelele, taa ya SRS imezimika. Katika yote hayo hakuna hata moja linalojibu swali la kopo lililo mbele ya mtoto. Jibu limo katika namba ya chesisi, na kuiulizia hugharimu barua moja. Hadi jibu litakapopatikana, mtoto na akae nyuma.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Wananchi wanakumbushwa kuzitoa kadi za magari yao, kuzisoma namba hizo na kuanza kuuliza wiki hii.